Nilimpeleka Mama Kuiona Bahari Wakati wa Masika

Mama yangu ana miaka 68, na hadi mwaka jana alikuwa hajaiona bahari. Kwenye televisheni ya jirani ameiona, na kwenye kalenda za ukutani pia. Amezaliwa Mpwapwa, mkoani Dodoma, ameolewa Mpwapwa, amemzika baba Mpwapwa, na safari yake ya mbali kuliko zote ilikuwa Morogoro alikokwenda kumuuguza dada yake. Kila nikimpigia simu lazima aingize utani wake: "Mtanizika sijaonja maji ya chumvi." Utani ukishasemwa mara ishirini, si utani tena.

Kwa hiyo nilipopata siku za likizo mwishoni mwa Aprili nikaamua tunakwenda Unguja, mimi na yeye tu. Watoto wangu nikawaacha na baba yao.

Niseme ukweli kwamba kilichonivuta kuchagua Aprili ni bei. Wageni hujaa Zanzibar kuanzia Juni hadi Oktoba, halafu tena Desemba hadi Februari. Katikati hapo, Aprili na Mei, ni masika. Hoteli nyingine za ufukweni hufunga kabisa zikafanya ukarabati, na zinazobaki wazi hushusha bei. Chumba nilichokuwa nakitamani kule Jambiani kilishuka kutoka 160,000 hadi 70,000 kwa usiku. Wafanyakazi wenzangu pale Mtumba, mji wa serikali Dodoma, waliniambia, "Wewe, hiyo ni masika." Rahisi huvunja upishi, walisema wahenga, lakini mimi niliona wahenga hawakuwahi kupunguziwa bei kiasi hicho. Nikatuma pesa ya siku tatu, 210,000 yote, siku hiyohiyo.

Kosa langu la kwanza lilitokana na kuzaliwa Dodoma. Mtu wa Dodoma akisikia neno mvua anafikiria kitu kingine kabisa. Kwetu mvua huanza Desemba, ikifika Aprili inaaga, na mwaka mzima tukijaliwa tunapata milimita 500 hadi 600 hivi. Inanyesha saa moja, udongo unaimeza, jioni vumbi limesharudi. Nani ana mwavuli Dodoma? Ukinyeshewa unajibanza kwenye kibaraza cha duka, unasubiri, unaendelea na safari yako. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na Aprili peke yake inaweza kumwaga zaidi ya nusu ya kile tunachopata sisi miezi yote kumi na miwili. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Nilipofunga begi niliweka suruali mbili za jinzi, viatu vya ngozi, magauni mawili ya kupigia picha, na miwani ya jua. Mwavuli sikuweka.

Mama alishuka kutoka basi la Mpwapwa akiwa na ndoo. Ndoo nyeupe ya lita 20, ile ya rangi, na mfuniko wake. Ndani alikuwa amepanga nguo zake zote, mfuko wa karanga, na juu kabisa ubuyu wa kilo tatu hivi, wa mti ulioko nyuma ya nyumba yetu.

"Mama, tunakwenda Zanzibar, hatuendi shambani."

"Na begi lako likinyeshewa?"

"Litakauka."

Akaniangalia tu. Nilijaribu kumwazima begi langu la zamani lenye magurudumu, akakataa. Naandika hili nikiwa naona haya, kwa sababu niliona aibu ya ile ndoo tangu stesheni ya Dodoma hadi bandarini Dar es Salaam.

Kabla sijasahau: kitambulisho. Unakitumia kukata tiketi ya treni, unakionyesha unapopanda, na bandarini wanakitaka tena hata kama wewe ni Mtanzania unayekwenda Unguja na kurudi. Mama alikuwa na namba ya NIDA kwenye kikaratasi, na kadi yake ya mpiga kura ilikuwa imebaki Mpwapwa, ndani ya sanduku, chini ya vitenge. Kondakta wa basi alituletea ndani ya bahasha asubuhi ya siku ya safari. Ile saa moja niliyokaa kituoni kumsubiri sitaisahau. Kama unasafiri na mzee, mwombe kadi yake wiki moja kabla, uishike mkononi, na uhakikishe jina unaloandika kwenye tiketi ni lile lililopo kwenye kadi. Mama anajulikana kwa jina moja kanisani na lingine kwenye kadi.

Treni ya umeme haina hadithi ndefu. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 31,000 kila mmoja, tukafika Dar ndani ya saa nne, safari ambayo kwa basi ingekula siku nzima. Mama alilalamika kwamba madirisha hayafunguki kununua machungwa. Kwenye mahandaki ya kule Kilosa alinishika mkono bila kusema kitu.

Dar tuliikuta inanyeshewa, na hapo nikafanya kosa la pili, ambalo ndilo kubwa. Nilikuwa nimepanga treni na boti siku moja, tena boti ya mwisho ya jioni. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri: stesheni na bandari ziko jirani, bajaji dakika chache tu. Sikujua kwamba kuanzia Aprili upepo wa kusi unaanza kushika, na kwamba wenyeji wakipata nafasi ya kuchagua wanapanda boti ya asubuhi, kabla upepo haujachangamka.

Nusu saa ya kwanza tulicheka. Mama alikuwa dirishani anaangalia majengo yakipungua. Halafu tukatoka kwenye mlango wa bandari, kisiwa cha mwisho kikabaki nyuma, na boti ikaanza kupanda na kushuka. Si kuyumba kama gari kwenye barabara mbovu. Inapanda, inasimama kidogo pale juu kama inafikiria, halafu sakafu inakimbia chini ya miguu na tumbo lako linabaki juu. Mabaharia wakapita wakigawa vifuko. Mtoto wa nyuma yetu akaanza, mama yake akafuata, kisha safu nzima. Mimi niliyesoma, niliyekwenda hadi Mwanza kwa ndege, nilijaza vifuko viwili.

Mama hakutapika. Mzee mmoja wa Kipemba aliyekaa ng'ambo ya njia alimwambia, "Bibi, angalia mbali, kule maji yanakokutana na mbingu, usitazame chini," akampa ndimu aikwaruze ganda na kuinusa. Mama akafanya hivyo saa moja na nusu nzima, ndimu puani, macho dirishani, huku mkono mwingine ukinipapasa mgongo. Ushauri wa mzee yule nauongezea huu wangu: kaa chini, nyuma au katikati, si mbele, kama unatumia vidonge vya kuzuia kichefuchefu vinywe kabla ya kupanda, kwa sababu ukisubiri tumbo lianze havitakaa, na usile chipsi mayai bandarini. Kama ningelala Dar usiku mmoja, kwenye gesti ya kawaida tu, tukapanda boti ya saa moja asubuhi, haya yote yangekuwa madogo.

Bandarini Malindi, Unguja, tuliteremka mvua ikiwa kama mtu anamwaga kwa karai. Mizigo mikubwa iko kwenye mkokoteni, mkokoteni uko nje, na watu wote wanausukumia macho wakiwa chini ya paa. Begi langu lilipofika mkononi lilikuwa zito mara mbili. Kila kitu kililowa, hadi vyeti vya daktari vya Mama nilivyokuwa nimevitia mfuko wa mbele. Ndoo ilikuwa imekaa pale, matone yanateleza juu ya mfuniko. Ndani, nguo za Mama zilikuwa kavu kama zimetoka kabatini. Hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Teksi hadi Jambiani ilidai 70,000. Ni kilomita 50 na kitu, usiku, mvua, na mimi sikuwa na nguvu ya kupatana.

Hiyo nyumba ya wageni siitaji. Picha zilikuwa za kweli, nadhani, ila zilikuwa za Agosti. Tulipokelewa na mlinzi na kijana mmoja wa usafi. Jiko limefungwa, mpishi yuko likizo hadi Juni. Bwawa limekuwa la kijani. Chumba kilinuka kama ghala la mahindi yaliyolowa. Usiku wa manane paa la makuti likaanza kuvuja, tone, tone, hatua moja kutoka kitandani. Mama akaamka, akatoa nguo zake, karanga na ubuyu, akavipanga juu ya kiti, akaiweka ndoo chini ya tone. "Lala," akaniambia. Hadi alfajiri ilikuwa imejaa robo.

Siwalaumu sana. Bei ya masika ni bei ya masika. Kosa ni langu mimi niliyelipa siku tatu bila kuuliza maswali ambayo mtu mwenye akili angeuliza kwa simu kwa dakika tano. Jiko linafanya kazi? Kama halifanyi, chakula cha jioni kinapatikana umbali gani kwa miguu? Umeme ukikatika kuna jenereta? Paa ni la makuti au la bati? Nitumieni picha ya chumba iliyopigwa wiki hii. Na zaidi ya yote, lipa usiku mmoja tu, mwingine utalipa ukishafika. Msimu huu hakuna atakayekunyang'anya chumba.

Asubuhi Mama alitoka nje kabla yangu, akiwa amejifunga kanga kichwani, kwenda kuiona bahari yake. Nikasikia anaita.

"Njoo uone. Imekwenda wapi?"

Haikuwepo. Pale ambapo picha zilionyesha maji ya buluu kulikuwa na mchanga wa kijivu, vidimbwi, miamba yenye majani, na mbali sana mstari mweupe unaovuma. Maji yalikuwa yamekupwa. Pwani ya mashariki ya Unguja iko hivyo, bahari inarudi nyuma mwendo mrefu, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa, inakwenda mbali zaidi. Kama lengo lako ni kuogelea wakati wowote, wenyeji watakuambia uende Nungwi au Kendwa kaskazini, ambako maji hayakimbii namna hiyo. Mimi nilikuwa sijui. Nilimtoa mama yangu Mpwapwa nikamleta kuangalia tope.

Kumbe yeye hakuona tope. Aliona shamba. Wanawake walikuwa kule ndani wamechutama katika maji ya magotini, wakifunga mwani kwenye kamba zilizovutwa kati ya vijiti, mistari iliyonyooka kama matuta. Mama akavua viatu, akawafuata. Nilimkuta ameshainama, anauliza unachukua siku ngapi kukomaa, wanauza wapi, nani anapanga bei. Akajibiwa kwa Kiswahili kilekile chenye lafudhi nyingine. Ile bei ikamfanya aguse mdomo wake. "Kama mtama wetu," akasema.

Mchana bahari ikarudi. Ilikuja kimya, ikajaza vidimbwi, ikafunika vijiti, na kufikia saa nane mawimbi yalikuwa chini ya ngazi. Mama akachota kwa kiganja, akaonja, akatema, akacheka. Ndipo mvua ikaanza tena, hapohapo, nzito, juu ya bahari yote. Tukasimama chini ya mkungu. Akaangalia muda mrefu matone yanavyopiga maji.

"Inanyesha juu ya maji," akasema. "Kwetu mtama umekaukia shambani, huku Mungu anamwagilia bahari."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia kitu nilichojifunza shuleni, kwamba mto Kinyasungwe tunaoujua sisi, ule unaokuja na kung'oa reli kule Gulwe kisha ukakauka miezi mingi, unaingia Mkondoa, na Mkondoa unaingia Wami, na Wami unamwaga baharini huko upande wa pili karibu na Saadani, ng'ambo ya kisiwa hikihiki.

"Kwa hiyo yale maji yetu ndiyo haya?"

"Sehemu yake, Mama."

"Basi nimeyafuata," akasema, akajifunika kanga vizuri.

Siku ya tatu asubuhi tuliondoka tukaiacha ile 70,000 ya usiku ambao hatukulala. Kuipigania ilikuwa kupoteza siku nyingine. Tukahamia Mji Mkongwe, kwenye vyumba vya bi mmoja mtu mzima anayepangisha ghorofa ya juu ya nyumba yake, 45,000 kwa usiku na chai ya asubuhi. Kwa masika hapa ndipo pa kukaa. Kuta nene za mawe ya matumbawe, paa la bati, na ukitoka mlangoni kuna chakula, duka la dawa, msikiti, soko la Darajani, watu. Mvua ikikatika saa nne asubuhi, na mara nyingi hukatika, jua likatoka kali, unapanda daladala kwenda pwani, unarudi jioni. Mvua nyingi tuliyoipata ilinyesha usiku na alfajiri. Nyakati za mchana tulipata jua la saa tatu, nne mfululizo, na mji umeoshwa, hauna foleni ya wageni, wauzaji wana muda wa kuongea na wewe kama mtu. Forodhani jioni tulikuwa wateja saba. Urojo tuliununua kwa mama aliyetuita mwenyewe tukae barazani kwake tule.

Ila jiandae kwa unyevu. Ukifua Jumatano, Ijumaa nguo bado ina ubaridi ule wa kunata. Viatu vyangu vya ngozi viliota ukungu wa kijani ndani ya siku tatu. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama hicho maishani. Vichochoro vinateleza kama vimepakwa mafuta, na mimi nilianguka mbele ya duka la vinyago, nikakaa kitako kwenye maji. Siku hiyo nilinunua yeboyebo za shilingi elfu sita na sikuzivua hadi nilipofika Dodoma. Beba nguo nyepesi zinazokauka, jinzi ziache nyumbani. Simu na karatasi zitie ndani ya kitu kinachofungika. Mifuko ya rambo haipo, bara imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na Zanzibar walitutangulia, kwa hiyo tafuta mkebe au, ndiyo, ndoo. Na usilale bila chandarua. Mbu wa masika hawana adabu.

Bi mwenye nyumba alipoona ninavyohangaika na nguo mbichi alinicheka kidogo. Jioni akaleta chetezo chenye makaa, akaweka udi na chembe chache za karafuu, akafunika kwa tenga kubwa, juu yake akatandaza kanga za Mama na gauni langu. Moshi ulipanda polepole kupitia matundu ya tenga, ukapita kwenye nguo, ukajaa chumba. Akazigeuza mara mbili, kama mtu anayechoma mkate. Hazikukauka kabisa, lakini uvundo uliisha, na hadi leo lile gauni likilowa jasho linatoa karafuu.

Na ule ubuyu. Mama alimkabidhi kwa mikono miwili, kama zawadi ya kutoka bara, akifikiri anampa kitu kigeni. Bi akaangua kicheko. "Wallahi bibi, umeniletea maji ziwani! Ubuyu tunaopika sisi mwingi unavuka na boti kutoka kwenu. Mibuyu ya hapa ipo, haitoshi." Mama alikaa kimya akilipima jambo hilo. Maisha yake yote amesikia watu wakisifu ubuyu wa Zanzibar, ule mwekundu.

Kuna sehemu moja nilisita kumpeleka. Pale Mkunazini, kanisa kuu la Kianglikana limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Mama ni Mwanglikana wa kuzaliwa; Mpwapwa ilipata wamisionari tangu 1876. Alitaka kusali. Baadaye tukateremka kwenye vile vyumba vya chini vinavyosemekana walifungiwa watumwa, paa liko juu ya kichwa tu, na mtembeza wageni akaeleza misafara ilivyotoka bara hadi Bagamoyo na kuvushwa huku. Njia hiyo ilipita Ugogo, huko kwetu. Wazee wetu waliitoza misafara hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa maji. Hilo tulifundishwa shuleni kama jambo la kujivunia. Mama aliuliza swali moja tu, kama waliopitishwa kwetu walikuwa wamefungwa tayari. Akajibiwa ndiyo, wengi. Tulipotoka mvua ilikuwa inanyesha na hatukujificha, tulitembea tu.

Ijumaa tulikwenda mashamba ya viungo Kizimbani. Tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Nisingekushauri umpeleke mzee asiye na nguvu za miguu siku iliyofuata mvua kubwa, ingawa wangu aliwashinda vijana kutembea na akataka kujua kila mti.

Jumamosi ndiyo siku tuliyotakiwa kurudi. Boti ya asubuhi, halafu treni ya jioni kwenda Dodoma, Jumatatu niwe kazini. Saa kumi na moja alfajiri upepo uliamsha mabati ya mji mzima. Bandarini tulikuta watu wamekaa juu ya mizigo yao. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, boti hazitoki, subirini. Nilikasirika kama vile upepo umenikosea mimi. Mchukuzi mmoja akaniambia kwa upole, "Dada, bahari haibishani na mtu," akanikumbusha Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani na boti zikasimamishwa. Ukweli ni kwamba tahadhari ya siku hiyo ilikuwa imetangazwa tangu Alhamisi. Bi mwenye nyumba alikuwa ameisikia redioni. Mimi nilikuwa nafuatilia picha nilizozituma kwa marafiki.

Kosa juu ya kosa, nilikaa pale bandarini nikitumaini hadi saa tisa, na treni ikaondoka Dar bila sisi kabla sijakumbuka kupiga simu kuuliza kama tiketi zinaweza kusogezwa. 62,000 zikaenda. Jumapili boti zilitoka lakini zilijaa waliokwama jana, na mimi sikupanga foleni mapema. Tukapata nafasi Jumatatu asubuhi. Kumpigia mkuu wangu wa kazi kumwambia niko Zanzibar nimekwama, katika sauti ya mtu aliyetoka likizo, ni simu ambayo sikutakii. Aliniambia niandike barua. Niliandika.

Nilikuwa nimepanga kutumia laki tisa. Nilitumia milioni moja na laki mbili na arobaini elfu, na ziada hiyo karibu yote haikununua starehe yoyote: usiku niliolipa bila kulala, teksi ya usiku, tiketi za treni mara mbili, siku mbili zaidi za chumba na chakula, ingawa bi alinipunguzia hadi 30,000 kwa usiku. Ule unafuu wa bei za masika ulikuwepo kweli. Ila mwenye kuufaidi ni yule mwenye siku za akiba. Kama una siku saba, panga safari ya siku tano, na tiketi ya kurudi Dodoma usiikate hadi uwe umeteremka Dar. Kama huna siku za akiba, nenda Juni, ulipe bei ya Juni, ulale usingizi.

Mama yeye zile siku mbili za kukwama alizitumia jikoni na bi mwenye nyumba. Nilikuwa nasikia vicheko vyao kutoka ngazini huku mimi nikitembea ukumbini na simu. Kumbe walikuwa wanaupika ule ubuyu wa Mpwapwa. Sukari ikachemshwa hadi ikawa nzito, rangi nyekundu, hiliki, pilipili manga kidogo, kisha ubuyu ukamwagwa na kugeuzwa hadi kila kokwa ikang'aa. Walipomaliza waliuanika kwenye sinia mbele ya feni, maana jua halikuwepo la kuaminika. Jumatatu ulisafiri ndani ya ndoo, chini ya mfuniko, kavu.

Bahari siku hiyo ilikuwa imetulia kama sufuria. Mama alisinzia.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza Mpwapwa. Alifua kanga zake zote asubuhi, akazianika juu ya ua, na kabla chai haijachemka zilikuwa zimekauka zimekakamaa. Alizishika, akatikisa kichwa. Watoto wa mtaa walikuwa wamejaa tayari kwa sababu walisikia bibi ametoka Zanzibar. Akafungua ndoo, akawagawia mmoja mmoja, vidole vikawa vyekundu, midomo ikawa myekundu. Wa mwisho, mjukuu wa jirani, alinyonya kokwa hadi ikawa nyeupe, akaitupa, akauangalia mbuyu ulioko nyuma ya nyumba na kusema kwamba wa huku kwetu haufikii hata nusu.

Mama alicheka mpaka akatafuta kigoda.